Taa Yangu Ndiyo Iliyosema

Zahanati ya Hombolo huyaita maji ya povu:
unamwagiwa kidondani, yanachemka, unauma meno.
Mimi huku juu Chimwaga nayatafuta hayohayo
ndani ya seli moja ya jani la mzabibu,
tone la tone la tone lake,
ujumbe usioishi hata kope ishuke na kupanda.

Tawi alinipa mama. Alilifunga kwa gazeti lililoloa,
akamkabidhi kondakta wa basi la saa kumi na mbili,
akanipigia: Siku tisa bila maji, Mbeleje.
Sikulionea huruma. Si ulitaka lenye kiu?

Jani likikaukiwa, seli haipigi kelele.
Humimina hicho kidogo kinachounguza,
jirani akahisi, naye akamimina chake,
mpaka milango ya jani, kwa maelfu, ikafungwa
na unyevu ukabaki ndani kama akiba ya uwele.
Kikizidi, kinaua. Kikipungua, hakuna anayesikia.
Kati ya hapo ndipo kazi yangu.

Nilizitia rangi inayohifadhiwa gizani,
nimeiviringishia foili kama samaki wa kuchoma,
rangi isiyong'aa mpaka iguswe na kinachounguza.
Nikawasha mwanga wa bluu.
Zikawaka!
Nilipiga ukelele hadi Chilewa mlinzi akachungulia dirishani.
Picha mia mbili, sekunde kwa sekunde,
kijani juu ya kijani, kama mashamba ya Februari.

Kisha nikaweka jani la pili,
lile lililonyweshwa, limeshiba, halina shida na mtu.
Nalo likawaka.

Daktari Sajilo hakunicheka.
Alivua miwani, akaifuta vumbi kwa ncha ya koti:
Hukupima kiu. Umepima taa yako.
Mwanga ule unaichoma rangi, rangi inazaa
kilekile unachokitafuta,
nawe unakihesabu kana kwamba umekikuta.
Umeingia nyumba ya watu usiku, tochi machoni mwao,
wamepiga mayowe,
umeandika: hapa kuna ugomvi.

Usiku ule mlenda ulipoa sahanini.
Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema.
Waliosema hawakuwahi kulima Dodoma.

Nikamkumbuka mama shambani, alfajiri,
analigusa jani kwa mgongo wa kiganja,
mara moja tu, kisha anaondoa mkono.
Ukiuuliza mzabibu saa saba mchana, husema,
litakalokujibu ni jua.

Nikashusha mwanga hadi sehemu moja kwa mia.
Picha moja kila dakika kumi, na katikati, giza,
nimekaa kwenye stuli nasikiliza friji, na upepo
ukisukuma mchanga chini ya mlango.
Jani lililoshiba likabaki jeusi.
Lenye kiu nalo jeusi. Jeusi. Jeusi.
Dakika ya arobaini, kwenye kona, kijani hafifu
ambacho ungeambiwa ni doa la lenzi ungekubali.
Nilifuta lenzi.
Kilikuwepo. Kimeshahamia kwa jirani.

Picha mbaya. Haitapamba ukurasa wa mtu.
Nikaandika namba, na shaka yake pembeni yake,
na safu moja nisiyoijua nikaiacha wazi.

Saa tisa na robo umeme ukakatika.
Skrini ikafa, feni ikajizungusha kwa mazoea.
Nikapapasa simu, kidole kikafika penye tochi,
kikasita.
Chini ya lenzi zilikuwa bado zinaitana,
hii kwa ile, bila mimi.
Nikaiweka simu mfukoni,
nikaketi.